Injini Ambazo Fundi Wangu Hakuzisikia

Mie mdomo wangu hauna breki. Nilizaliwa nao hivyo Tabora, nikaja nao Dar, na gereji ikauongezea moto. Fundi wangu alikuwaga anasema nikikaa kimya mpaka chai ikapoa, basi watu waulize nani kafariki. Kwa hiyo mpaka leo najishangaa. Katika maneno yote niliyobwabwaja maishani, kuna moja tu nililolimeza, na ndilo hilo lililotakiwa kusemwa. Nilipokuja kulisema nikalisema vibaya, mbele za watu, na sijapata amani tangu siku hiyo.

Gereji yetu iko Temeke, si mbali na soko la Tandika. Magari hatugusi. Sie ni watu wa mashine za dizeli: za kusaga nafaka, za kuvuta maji visimani, na majenereta ya kumbi za harusi. Ukisikia umeme umekatika Kinondoni bibi harusi akiwa ukumbini, ujue simu yetu inaita. Fundi wangu ni Mzaramo wa hapahapa, kanzu siku ya Ijumaa na ovaroli siku zilizobaki, mtu mfupi mwenye viganja vipana. Kwa kuwa mie ni Mnyamwezi, tulikuwa watani tangu siku ya kwanza. Ananiambia, "Nyie si mlikuja pwani kwa miguu, mizigo kichwani? Haya, beba hiyo silinda hedi, kazi ya babu zako." Namjibu, "Na nyie mlikuwa mmelala chini ya mnazi mnangoja dafu lishuke lenyewe." Anacheka mpaka anakohoa, halafu upande wa pili wa silinda hedi anaushika yeye.

Alinichukua wakati hakuna aliyenitaka. Nilikuwa nimetoka chuo cha ufundi na cheti changu kwenye bahasha, nimezunguka gereji za Temeke zote, na kila ninapoingia wananiuliza leo nimepika nini. Wanadhani mie mama ntilie! Yeye hakukitazama hata hicho cheti. Aliniuliza, "Unaogopa kuchafuka?" Nikamwambia naogopa njaa. Akanisogezea beseni la mafuta ya taa na nozeli za kuosha, basi, kazi ikaanza.

Sifa yake ilikuwa sikio. Mafundi wengi husikiliza injini kwa bisibisi, si yeye aliyeanzisha. Unaweka ncha ya bisibisi ndefu kwenye bodi ya injini inayonguruma, mpini unauweka sikioni, na sauti ya ndani inapanda kwenye chuma mpaka kichwani. Ila wengine tunasikia kelele tu. Yeye alikuwa anafumba macho, anasogeza ncha hapa na pale, halafu anatoa neno moja. Akisema tapeti, unafungua unakuta tapeti. Akisema beringi za krenki, usibishane, tafuta beringi. Watu walikuwa wanatoka Mabibo na Mbezi Luis wanaleta mashine juu ya kigari cha Kirikuu asikilize tu, hata kama kufungua watafungua wenyewe huko kwao.

Na kusikiliza si mchezo. Kelele ya juu ya injini mara nyingi ni tapeti, unaweka sawa kwa spana na mwenye mashine anaondoka anachekelea. Kelele ya chini ni habari nyingine. Hiyo ukimwambia mtu ni tapeti akaenda nayo nyumbani, kesho kutwa injini inapasuka tumbo. Mama mwenye mashine moja ya kusaga anayosomeshea watoto wake, umemmaliza.

Dalili ya kwanza niliyoiona ilikuwa adhana. Msikiti uko nyuma ya gereji yetu, spika yake inaelekea kwetu kabisa, na fundi wangu hakuhitaji saa ya adhuhuri. Adhana ikianza tu, spana chini. Siku moja adhana iliadhiniwa mpaka ikaisha na yeye yuko palepale anakata gasketi. Nikadhani amezama kwenye kazi. Nikamgusa bega, "Fundi, adhana." Akashtuka, akatazama juu kama vile anatafuta mvua. "Aa, nilikuwa mbali," akasema, akaenda kutawadha. Baada ya hapo ikawa kawaida yangu, mie Mkristo wa kwaya, kumgusa bega Mwislamu aende kuswali. Hatukulizungumzia hata mara moja.

Halafu simu. Alibadilisha simu, akabadilisha na laini, na bado anapiga kelele, "Mtandao siku hizi umekufa kabisa!" Mwisho akawa ananipa mie nipokee, anasema mikono yake ina grisi. Kwani yangu ilikuwa na marashi?

Nilijua. Mwenye macho haambiwi tazama, na mie macho ninayo. Ila kujua ni jambo moja, kumwambia mtu mzima aliyekufundisha kushika spana kwamba sikio lake limekwisha ni jambo lingine. Kila nikitaka kusema nilikuwa naona sura yake. Nikajiambia pengine ni nta tu, pengine ni mafua. Siku moja nikajaribu kwa utani, "Fundi, twende hospitali tukasafishe masikio, mie na yangu yamejaa vumbi." Akanitazama mdomo, akatabasamu, akasema, "Ndiyo, lete na sukari." Nikaenda kuleta sukari.

Siku ambayo tulivuka mstari, aliletewa mashine ya kuvuta maji kutoka shamba la mboga huko Chanika. Tukaiwasha. Ilikuwa inagonga chini, ngo, ngo, ngo, kelele nzito ya beringi ambayo hata muuza kahawa aliyekuwa anapita aligeuza shingo. Fundi wangu akaweka bisibisi, akafumba macho, akasogeza, akasogeza tena. Muda ukawa mrefu. Halafu akafumbua macho na kusema, "Tapeti."

Mwenye mashine alishaanza kufurahi, maana tapeti ni kazi ndogo. Nilikuwa nimesimama upande wa pili wa injini, uso kwa uso na fundi. Sikufikiri. Nilimtazama nikatikisa kichwa kidogo sana, na mkono wangu ukashuka wenyewe ukagusa goti. Aliliona hilo goti. Akarudisha bisibisi, safari hii chini kabisa, akakaa kidogo, akasema, "Hapana, ngoja. Tapeti ipo lakini kubwa liko chini. Beringi." Tukafungua, tukazikuta beringi zimeliwa zikabaki kama karatasi. Mwenye mashine akapiga makofi. "Sikio la mzee hili, jamani!"

Basi tukaendelea hivyo. Kichwa nikigusa, ni mambo ya juu, tapeti na jamaa zake. Kifua ni pistoni. Goti ni krenki na vilivyoko chini. Hakuna aliyekaa akapanga, wala hatukuulizana. Yeye anafumba macho, anayafumbua, ananikuta nimesimama mahali palepale na mkono wangu umeshafika, anatoa neno. Wateja wanaondoka wanamsifu yeye.

Nitasema ukweli hata kama unanichoma: nilikuwa nafurahia. Wakati mwingine nilikuwa nalala nikicheka peke yangu kwamba leo Temeke nzima imesikiliza goti langu. Nilijiona mwema pia, kwamba namhifadhi mzee, namfichia aibu. Wema wangu ule sasa siutaki hata kuutazama. Waswahili walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Mie niliyaficha maradhi ambayo hata hayakuwa yangu.

Mjue pia kwamba kufanya kazi bila yeye ilikuwa shughuli. Aliwahi kwenda msibani Kisarawe, nikabaki peke yangu gerejini. Akaja mwenye mashine ya kusaga kutoka Mbagala, baba mmoja mwenye tumbo, mteja wetu wa siku nyingi. "Sista, fundi yuko wapi?" Nikamwambia fundi ndiye huyu unayeongea naye. "Nimeuliza fundi," akasema, na kuanza kufunga kamba za mzigo wake arudi nao. Nilimwambia mashine yake akaisukume baharini ikale na samaki. Fundi aliporudi alinigombeza kwa mdomo huo, akampigia yule baba, yaani akanipa mie simu nimpigie, na jamaa akarudi. Ila alirudi kwa ajili ya mzee. Nikawekwa pembeni kushika taa.

Huyohuyo baba wa Mbagala ndiye aliyetuita mwanzoni mwa mwaka huu. Mashine yake ya dizeli ilikuwa inakosa nguvu, na umeme wa mtaa ule ukikatika, watu wote hukimbilia kwake na mahindi. Tukaenda wawili. Chumba chenyewe kilikuwa chembamba, ukuta wa nyuma bati, unga umeganda kila mahali. Upande huu injini na gurudumu lake zito la chuma, upande ule kinu, na katikati mkanda mpana wa mpira unaovuta kinu. Nje wanawake wamepanga ndoo zao, wanapiga soga.

Tulifungua pampu ya mafuta, tukaisafisha, tukairudisha. Injini ikawaka vizuri. Fundi akasema boliti za kinu zimelegea, akaenda kule mwisho kuzikaza, akainama akiwa ameupa mgongo mkanda na injini. Mie nikatoka kuongeza maji kwenye pipa la kupoozea lililokuwa nje ya mlango.

Nikiwa na ndoo mkononi nikasikia sauti inapanda. Anayefanya kazi hii anaijua sauti hiyo na hataki kuisikia. Pampu imekwama ikiwa wazi, mafuta yanaingia bila kipimo, na injini inakimbia. Unaweza kuzima unavyotaka, haizimi. Inapanda, inapanda, kutoka kunguruma inakuwa kulia, kutoka kulia inakuwa kupiga mayowe, na isipokatwa pumzi itavunjika na vipande vyake vitaruka. Wanawake hawakuhitaji kuambiwa. Ndoo zilimwagwa, mahindi yakatapakaa, wakakimbia hadi barabarani. Yule baba mwenye mashine alitoka mlangoni akanipita kwa kasi ambayo sikujua tumbo lile linaweza.

Fundi wangu hakutoka.

Nikaingia. Moshi ulikuwa umejaa, na katikati ya moshi nikamwona kule mwisho, ameinama vilevile, anakaza boliti. Taratibu. Sakafu ile karibu na kinu hutetemeka siku zote, kwa hiyo mtetemo haukumwambia kitu. Nikapiga kelele, "Fundi! Fundi, toka!" Nimepiga kelele nyingi maishani lakini ile ilitoka tumboni. Akabadilisha spana mkono.

Mkanda ukachomoka. Ulipita juu ya bega lake la kushoto, sijui kwa nafasi gani, ukapiga bati la ukuta ukalipasua, na jua likaingia. Ulipochomoka injini ikakosa mzigo, ikazidi kulia. Nilinyakua kiroba kitupu sakafuni, nikakichovya kwenye ile ndoo yangu, nikakikunja na kukigandamiza kwenye mdomo unaovuta hewa, nikalala juu yake na kifua changu chote. Ilivuta, nikahisi inataka kunivuta na mie. Ikakohoa. Ikatikisika mara mbili tatu mpaka meno yakagongana mdomoni mwangu. Ikafa.

Kukawa kimya. Kinu kilipopunguza mwendo ndipo fundi akageuka. Akaniona nimelikumbatia lile jichuma kama mwehu, nguo zimelowa. Akaona tundu kwenye bati. Akatazama mlangoni, akaona mahindi chini na ndoo zimeanguka. Uso wake ulikuwa hauna wasiwasi wowote, umejaa mshangao tu.

"Watu wameenda wapi?" akaniuliza.

Mungu anisamehe. Ningeweza kumshika mkono nikamtoa nje. Ningeweza kukaa chini nikalia. Wanawake walishaanza kurudi, wanachungulia mlangoni, na yule baba nyuma yao. Na mie mdomo wangu, ambao ulikuwa umefungwa muda wote huo, ndipo ulipochagua kufunguka. "Husikii!" nikapiga kelele. "Husikii, fundi! Wewe ni kiziwi! Injini inapiga mayowe Mbagala nzima imekimbia, wewe unakaza boliti! Ungekufa! Mie ningeenda kumwambia nini mkeo? Husikii, siku nyingi husikii, na mie nimekufichia, nimechoka!"

Nilisema yote hayo nikilia, kamasi zinatoka, na kila mtu pale mlangoni aliyasikia isipokuwa yeye. Yeye alikuwa anatazama mdomo wangu. Alitazama mpaka nikamaliza. Halafu akachukua tambara mfukoni, akafuta mikono, kidole kimoja kimoja, akatazama watu walioko mlangoni. "Nyie Wanyamwezi mna kelele," akasema.

Utani wetu uleule. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja aliinama akaanza kuokota mahindi yake, wengine nao wakainama, ikawa kila mtu ana cha kuokota. Tukarudi Temeke kila mmoja anatazama dirisha lake.

Kesho yake hakuja. Kesho yake tena hakuja. Akaja bodaboda, akanipa ufunguo wa kufuli kubwa la gereji na kusema, "Mzee kasema unajua kazi." Nikamuuliza kasema nini kingine. Hakuna kingine.

Sikwenda kwake. Ilitakiwa niende jioni ileile, nikapige magoti. Ila kila siku nilijipa sababu: leo kuna jenereta, leo mvua, leo kwaya. Ukweli ni kwamba niliogopa. Nilikuwa nimemvua nguo mzee wa watu mbele ya wateja wake, nikamwita kiziwi kama watoto wa mtaani wanavyoita. Nikilala naliona lile tambara, na vile vidole anavyovifuta kimoja kimoja.

Wala hasira haikunisaidia, maana nilijaribu na hasira. Nilijiambia, kwani yeye mbona hakusema? Mtu mzima anajua hasikii halafu anaingia chumba chenye injini, si kujitakia huko? Nikamkasirikia siku nzima, nikarusha spana. Jioni nikajikuta nimekaa kwenye kigoda chake, nimejiinamia.

Na kilichonimaliza ni kwamba mashine hazikuacha kuja. Nilidhani wateja watapotea. Walikuja. Wanachungulia, "Mzee yupo?" Nawaambia amepumzika. Wanatazamana, wanakuna kichwa, halafu wanasema, "Basi angalia wewe, si tulikuwa tunakuona naye siku zote." Yule baba wa Mbagala, yuleyule, amekuwa mpiga debe wangu. Anawahadithia watu vile nilivyoilalia injini inayokimbia mpaka ikafa, na kila akihadithia anaongeza chumvi. Halafu anamalizia, "Maskini mzee, masikio hakuna kabisa." Jina langu limepanda kwa hadithi hiyohiyo iliyolishusha la kwake. Ninapowashukuru wateja naona haya.

Nilikwenda Jumapili moja baada ya ibada, nimebeba chupa ya asali ya kwetu. Nikabisha hodi, mke wake akafungua. Mama mnene, mpole, anatembea kwa kuburuta miguu. "Shikamoo mama." "Marahaba mwanangu! Tulisema umetutupa." Nilikuwa nimejiandaa kutukanwa. Akanikumbatia. "Ahsante mwanangu. Umeniletea mume wangu mzima. Pale angekufa." Heri angenizaba kibao.

Fundi alikuwa uani, amekaa kwenye mkeka, amefungua feni ya mtu, vyuma vyake amevipanga kwenye sinia. Akaniona. Akapiga paja, "Mnyamwezi! Umekuja kwa miguu?" Kwa sauti kubwa ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe. Nikampa shikamoo, akaitikia, akarudi kwenye feni yake, na mie nikakaa jikoni na mama akikaanga samaki, hatua chache kutoka alipo. Nikaanza kumwomba mama radhi. Nikamweleza kila kitu, vile nilivyomfichia, goti, kifua, kichwa, na nilivyomwaga yote mbele za watu.

Mama aligeuza samaki. "Hayo ya goti tunayajua," akasema. "Alikuwa anarudi hapa ananisimulia, tunacheka wote. Anasema, mke wangu, yule binti sasa anasikia kuliko mie nilivyokuwa nasikia."

Nikamuuliza, kama alijua, mbona hakupumzika?

Akanitazama kwa mshangao, kana kwamba ni jambo nililopaswa kulijua. "Daktari alimwambia apumzike. Kabla ya Ramadhani ya mwaka juzi. Alimpima akamwambia, mzee, toka kwenye hizo kelele na hayo masikio yaliyobaki yatabaki. Wakati huo alikuwa ananisikia vizuri nikikaa karibu. Alikuwa anasikia wajukuu." Akapunguza moto. "Nikamwambia basi, gereji funga. Akasema nikiondoka leo hawatampa kazi yule mtoto, hata mmoja hatampa. Ngoja wamzoee kwanza. Wakishamzoea, nitatoka."

Mafuta yalikuwa yanachemka kwenye kikaango. Nilikuwa nimekuja na dhambi moja mkononi, ya kumwaibisha, na sasa mama wa watu amenipa nyingine nzito zaidi bila hata kujua kwamba ananipa. Nilidhani namshikia yeye mahali pake. Kumbe yeye ndiye alikuwa amenishikia mie, na kila siku aliyokaa pale kati ya mayowe ya zile injini alikuwa anatoa kidogo cha kile kilichobaki, mpaka kikaisha.

"Sasa hivi anasikia nini?" nikauliza.

"Hasikii," mama akasema. "Anatazama midomo."

Chakula kikaletwa, wali wa nazi na samaki, tukakaa mkekani wote watatu. Fundi akanawa, akanitazama sura, akamtazama mkewe, akajua tumeongea. "Mnateta nini nyie?" Nikasogea mbele yake ili anione vizuri mdomo. Nikasema polepole, "Fundi, nisamehe. Mama ameniambia."

Akainua kiganja kile kipana kunizuia. "Hilo achana nalo," akasema. "Niambie, mashine zinakuja?"

Nikaitikia kwa kichwa.

"Wakija wanamtaka nani?"

Machozi yalikuwa yananitoka na pua imeziba. Nikajifuta kwa ukingo wa kanga. Nikasema, "Mie."

Hakucheka, hakunitania Unyamwezi. Alisogea karibu zaidi, akiutazama mdomo wangu kwa makini.

"Sema tena," akasema.